Programu ya mkopo inasoma meseji zangu

*Mimi ni wakala wa M-Pesa, Maili Moja, Kibaha. Shemeji yangu wa Kisarawe alinirushia WhatsApp programu ya mikopo. Iliomba kusoma meseji, nikakubali. Pesa zangu ziko salama? – Wakala*

Wasiwasi wa wakala huyu una msingi, ila hajachelewa. Faili la APK lililotumwa hivyo halijapitia ukaguzi wa Play Store. Likipewa ruhusa ya meseji, linaweza kunasa namba za uthibitisho na kuzipeleka kwa tapeli kimyakimya.

Azime data, aiondoe programu hiyo, kisha ahamishie laini kwenye simu nyingine na kubadilisha PIN huko. Kwa *106# ataona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Salio likipungua bila maelezo, apige huduma kwa wateja, namba 100, papo hapo, kisha aende polisi. Shemeji naye aambiwe. Huenda kanaswa pia.