Furaha Idumuyo

Huku Mwanza, kandokando ya Ziwa Viktoria, mvuvi arudipo na mtumbwi uliojaa sato hufurahi. Kesho nyavu zi tupu, na furaha yake imekwisha. Je, furaha ya imani nayo ni ya namna hiyo?

Na tuukumbuke mwaka 1882. Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hili, wakahamia Bukumbi, karibu na Mwanza. Wakristu wao, wachache tena wachanga, walibaki bila padre, bila Misa. Kama furaha yao ingaliwategemea Mapadre tu, ingalizimika. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe na wenzake waliendelea kusali pamoja na kufundishana. Mapadre waliporudi mwaka 1885, waliwakuta waamini wameongezeka. Mwaka 1886, Karoli Lwanga na wenziwe walikubali kuchomwa moto Namugongo kuliko kuikana imani hiyo.

Furaha itokayo kwa Mungu huongezeka igawiwapo. Basi, wazazi wapenzi, tusiwaachie mapadre na makatekista peke yao kazi ya kuwafundisha watoto wetu. Jioni hii tupige magoti pamoja nao, nyavu zikijaa au zikiwa tupu.