Kinachoipa Alumini Nguvu, na Kinachoila

Alumini ni metali nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, ilhali ya chuma ina karibu 7.8. Wepesi huo unaifanya ifae kuundia ndege. Lakini alumini safi ni laini: ikivutwa, hukatika kwa mkazo wa takriban megapaskali 90. Aloi iitwayo 7075 huhimili takriban 570. Aloi ni metali iliyochanganywa na elementi nyingine. Katika gramu 100 za 7075 mna takriban gramu 5.6 za zinki, 2.5 za magnesi na 1.6 za shaba. Je, nyongeza ndogo hivyo huzidishaje nguvu mara sita?

Tuanze na ulaini wenyewe. Ndani ya metali, atomu zimejipanga safu kwa safu. Mpangilio huo huitwa fuwele. Kipande cha metali kina fuwele nyingi zilizobanana. Kila moja huitwa punje, na zinapokutana pana mpaka wa punje. Safu za atomu hazikukamilika kila mahali. Zimo kasoro ndefu kama mistari, ambapo safu imekatika njiani. Metali ikilemewa, kasoro hiyo huhama hatua kwa hatua, na safu zikateleza. Ndivyo mtu anavyosogeza jamvi zito: halivuti lote kwa pamoja, bali hulikunja kidogo upande mmoja na kulisukuma kunjo hilo hadi wa pili. Basi metali ni laini kwa kuwa kasoro zake hupita bila taabu. Kuiimarisha ni kuzizuia.

Vizuizi huundwa kwa joto. Kwanza aloi hupashwa hadi karibu nyuzi 480 za Selsiasi, na nyingi ya atomu za nyongeza husambaa ndani ya alumini ingali yabisi. Kisha hupozwa ghafla kwa maji, atomu hizo zisipate wasaa wa kukusanyika. Mwisho hupashwa kwa nyuzi 120 kwa muda wa saa 24 hivi, hatua tutakayoiita kukomaza. Sasa zinki na magnesi huungana kuwa chembe za nanomita chache, zilizotapakaa ndani ya punje. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kasoro zikifika kwenye chembe hizo, hukwama.

Mjerumani Alfred Wilm aligundua ukomazaji mwaka 1906, akichunguza aloi za alumini na shaba. Sababu yake ilijificha, kwani darubini za wakati ule hazikuweza kuonyesha vitu vidogo kiasi hicho. Mwaka 1938 André Guinier wa Ufaransa na George Preston wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walitumia eksirei kuonyesha mikusanyiko ya atomu za shaba.

Tugeukie ulikaji. Alumini ikiwa hewani hujivika utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Kloridi, iliyomo katika chumvi ya bahari, huutoboa. Penye maji ya chumvi, metali mbili zikigusana, ile inayoachia elektroni kwa wepesi zaidi ndiyo inayolika. Chembe za zinki na magnesi huziachia kwa wepesi kuliko alumini inayozizunguka. Nazo hazikai ndani ya punje tu. Hujipanga pia mipakani, zikikaribiana. Hapo ulikaji hupata njia, na kipande kikiwa kinavutwa, ufa huweza kuufuata mpaka huo huku uso wa metali ukionekana mzima.

Dawa ni kukomaza kupita kilele cha nguvu, kwa kuongeza hatua ya pili yenye joto la zaidi ya nyuzi 160. Chembe za mipakani hukua, huachana, na kupokea shaba zaidi, ambayo hupunguza kasi ya kulika kwake. Ufa hukosa njia rahisi. Lakini chembe za ndani ya punje nazo hukua na kupungua idadi, kwa hiyo nguvu hushuka kwa takriban asilimia 10 hadi 15.

Hasara hiyo ina maana kubwa kwa usalama. Kiungo cha ndege hubeba mzigo kwa miaka mingi, katika unyevu na chumvi. Anayechagua aloi kwa kutazama kipimo cha nguvu pekee amesoma nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi ilivyokomazwa.