Somo kwa Wafanyabiashara Wadogo: Ruzuku Inapozuiwa Benki

Biashara ya pembejeo zenye ruzuku ina desturi yake: mali hutoka dukani kwanza, na sehemu ya Serikali hulipwa baadaye. Ndivyo ilivyokuwa katika mpango wa vocha ulioanza msimu wa 2008/2009. Mkulima alilipa sehemu yake taslimu, naye wakala akakusanya vocha na kuziwasilisha benki ili alipwe kilichobaki. Tangu msimu wa 2022/2023 ruzuku ya mbolea husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA) kwa mfumo wa kidijitali, na mkulima aliyesajiliwa hununua kwa namba yake. Karatasi imeondoka, lakini pengo kati ya mauzo na malipo limebaki. Wafanyabiashara wengi huliziba kwa mkopo, na hapo ndipo mgogoro na benki huzaliwa.

Mfano wa kujifunzia

Duka moja la pembejeo lina mkopo wa shilingi 6,000,000, nalo limechelewa kulipa rejesho la shilingi 1,500,000. Ruzuku ya shilingi 4,000,000 inaingia katika akaunti, na benki inaizuia yote. Mwenye duka anasema fedha hiyo ni ya Serikali kwa ajili ya wakulima. Benki inasema fedha iliyomo katika akaunti ya mdaiwa ni ya mdaiwa. Mvua zinakaribia, na rafu za duka ni tupu. Nani ana haki?

Yanayopaswa kupimwa

Kwanza, asili ya fedha. Ruzuku inayomrudishia mfanyabiashara gharama ya mali aliyokwisha kuiuza ni mapato yake. Hoja kwamba ni fedha ya Serikali huwa dhaifu, isipokuwa pale masharti ya malipo yanapoiwekea matumizi maalumu na benki ikiyafahamu.

Pili, deni lililoiva. Kwa kawaida benki ina haki ya kukata deni kutoka akaunti ya mteja yule yule, lakini kwa kiasi ambacho muda wake wa kulipwa umefika. Katika mfano huu kiasi hicho ni shilingi 1,500,000. Hata hivyo, mikataba mingi husema kwamba rejesho moja likikosekana, benki yaweza kudai mkopo wote. Kifungu hicho ndicho cha kutafutwa kabla ya kubishana.

Tatu, mdaiwa ni nani. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA halimtenganishi mmiliki na duka; mkopo wake binafsi waweza kukatwa katika akaunti ya duka. Kampuni ni mtu mwingine kisheria. Deni binafsi la mkurugenzi halikatwi katika akaunti ya kampuni, isipokuwa kampuni iwe imelidhamini.

Nne, amri ya nje. Mahakama yaweza kuamuru akaunti izuiwe, na Mamlaka ya Mapato (TRA) yaweza kuitaka benki ilipe kodi inayodaiwa. Hapo ugomvi si wa benki, na kugombana kaunta hakuleti nafuu.

Hatua za kufuata

1. Kuomba taarifa ya akaunti na nakala ya mkataba wa mkopo.
2. Kuiandikia benki barua ikitaja tarehe, kiasi kilichozuiwa na swali moja: ni kwa kifungu gani? Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.
3. Jibu lisiporidhisha, kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinatambua njia hiyo, mradi benki yenyewe iwe imeanza kulalamikiwa.
4. Kutafuta ushauri wa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla ya kwenda mahakamani.

Wakati lalamiko likiendelea, ni busara kuomba kwa maandishi kwamba kiasi kisichobishaniwa kiachiliwe, ili duka lisifungwe msimu wa kupanda.

Kinga

Mwenye kuomba mkopo na aeleze mapema kwamba mapato yake hutegemea ruzuku, kisha aombe tarehe za marejesho zifuate msimu wa malipo. Malipo yakichelewa, barua ya kuomba muda zaidi ifike benki kabla ya siku ya rejesho. Mwenye mkopo wa nyumbani asiuchanganye na mtaji wa duka. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema. Lakini deni hulipwa kwa kiasi chake na kwa wakati wake.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano, jibu lingekuwaje kama duka lingekuwa kampuni na mkopo ni wa mkurugenzi?
2. Ni kifungu gani cha mkataba kingeipa benki haki ya kushika shilingi 4,000,000 zote?
3. Duka likikosa mtaji wakati wa kupanda, ni nani katika kata hupata hasara baada ya mwenye duka?