SERIKALI NA RAIA: NANI MCHUNGA, NA NANI MWENYE KUNDI?

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu la Alkhamisi baada ya Alasiri kijana mmoja alituuliza suali: je, yafaa Mwislamu kwenda kuiuliza Serikali imezitumiaje fedha za watu, au huko ni kuwaasi wenye amri? Tumeona si haki jawabu ya suali hili ibakie chuoni peke yake, kwa sababu wengi wanalo moyoni wala hawalitamki.

Kwanza tuyaangalie maneno yenyewe. Watu wetu barazani hufanya mzaha wakasema kuwa "serikali" maana yake ni "siri kali". Mzaha huu una uchungu wake, lakini asili ya neno siyo hiyo. Neno latokana na Kiajemi: sar ni kichwa, na kar ni kazi, yaani mkuu wa kazi, msimamizi wa shughuli. Na msimamizi si mwenye mali. Mtu akijenga nyumba humweka msimamizi, akampa fedha na heshima, na jioni akamtaka hesabu ya mifuko ya saruji, wala hapana asemaye kuwa amemvunjia adabu. Neno "raia" nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni moja na raa'i, mchunga. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na wa kwanza aliyemtaja ni mtawala, kabla ya mume nyumbani mwake, na mke, na mtumishi katika mali ya bwana wake.

Sasa tuje kwenye utii. Wanaotukataza kuuliza hutoa hoja kwa aya ya 59 ya Suratun-Nisaa, iliyoamrisha kumtii Mwenyezi Mungu, na Mtume, na wenye amri. Aya ni ya haki, nasi twaiamini. Lakini mbona huisoma kama kwamba haina iliyo kabla yake? Aya ya 58 yaamrisha amana zipelekwe kwa wenyewe, na hukumu baina ya watu ziwe za uadilifu. Ibn Taymiyya alikijengea kitabu chake cha siyasa juu ya aya mbili hizi, akaeleza kuwa ya kwanza ni ya watawala na ya pili ni ya watawaliwa. Haki ya kutiiwa imekuja baada ya wajibu wa amana. Tena hiyo aya ya 59 yenyewe, baada ya kutaja utii, yaeleza la kufanya watu wakizozana katika jambo. Kama raia hana ruhusa ya kusema neno mbele ya mwenye amri, mzozo huo utatoka wapi?

Tutazame na matendo. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kwenda kukusanya zaka. Aliporudi alizigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi hadiya. Mtume (s.a.w.) hakulifanya jambo hili siri ya ofisini. Alipanda juu ya mimbari mbele ya watu akauliza: kwa nini mtu huyo asingelikaa nyumbani kwa babake na mamake akaona kama hadiya hiyo itamfuata? Suali hili laweza kuulizwa leo kwa kila mwenye kiti aliyeingia kazini kwa miguu akatoka na majumba.

Na Sayyidna Abubakar (r.a.), siku aliyopewa ukhalifa, aliwaambia watu kuwa yeye si mbora wao, akifanya vyema wamsaidie, na akikosea wamnyooshe. Imepokewa pia ya kuwa asubuhi moja alionekana akienda sokoni na nguo za kuuza, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yake, mpaka Masahaba wakamkadiria posho katika Baitulmali ili apate nafasi ya kuwatumikia. Walimkadiria wao, hakujikadiria mwenyewe. (Kile kisa mashuhuri cha mwanamke aliyemrudi Sayyidna Umar msikitini juu ya mahari, wanavyuoni wa hadithi wamesema katika isnadi yake, basi hatukijengei hoja. Yaliyo sahihi yatosha.)

Mwengine atasema: hayo ni ya dola ya Kiislamu, na yetu siyo. Twamjibu kuwa Nabii Yusuf (a.s.) aliomba kusimamia hazina za nchi kwa mfalme asiyekuwa wa dini yake, ili watu wasife njaa. Amana haibadiliki kwa dini ya mwenye kuiweka. Tena Suratul-Maida yafunguka kwa amri ya kutimiza mafungamano, na Katiba ni fungamano. Tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa tarehe 27 ya mwezi huo. Kifungu chake cha kwanza chasema kuwa mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na hao walioko vitini huyatumia kwa niaba yao tu. Kifungu cha 10 chaifanya shauri ya wananchi kuwa katika misingi ya utawala, na cha 201 chataka uwazi katika fedha za umma.

Basi iwapo haki tunayo, kwa nini hatuitumii? Sisi twaona sababu moja ni ya zamani. Tangu mapatano ya mwaka 1895 baina ya Sultani wa Unguja na Waingereza, mwambao wetu ulikuwa himaya: bendera ni ya Sultani na amri ni ya Mwingereza. Liwali na mudiri walikuwa wetu kwa sura na lugha, lakini aliyewapa amri alikuwa mwengine. Mwaka 1961 alikuja Sir James Robertson kusikiliza maoni juu ya mwambao, na Oktoba 1963 mapatano yakatiwa saini ya kuuingiza katika Kenya. Kura ya watu wa mwambao juu ya jambo hilo haikupigwa. Wazee wetu wakazoea kuiona Serikali kuwa ni ya wenyewe, nasi tukairithi tabia hiyo pamoja na mikeka ya baraza.

Lakini udhuru huu una mwisho, na hapa yatupasa kujishitaki. Ulipozuka ubishi juu ya mahakama ya kadhi wakati wa kutungwa Katiba, tulijaza mikutano na makarani wakachoka kuandika maneno yetu; na kadhi yumo katika Kifungu cha 170. Mwaka jana palibandikwa tangazo la mkutano wa makisio ya fedha ya wadi yetu. Mfereji ulio nyuma ya msikiti hufurika kila masika, na maji machafu huingia katika nyumba za wajane wawili. Kila mtu alijua. Siku ya mkutano viti vilikuwa vitupu. Nasi wenye kuandika haya hatukwenda, kwa kuwa tulikuwa na darasa! Makisio yakapita, na mfereji haumo. Usiku ule ule barazani tuliilaani Serikali mpaka kahawa ikaisha.

Kwa hivyo kijana aliyetuuliza tulimjibu kuwa yafaa, bali kwa mwenye kuweza ni katika kuamrisha mema. Na njia zipo. Makisio ya kaunti hupelekwa katika bunge lake kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwenye kuja na malalamiko Agosti amekuja baada ya jamaa kusalimu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoa ripoti yake ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha, na ripoti hiyo ni ya kila mtu kuisoma. Na sheria ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma kutaka habari, na ofisi hutakiwa kumjibu ndani ya siku 21.

Wanadarasa wamekwisha andika barua kuuliza juu ya fedha za mifereji ya mtaa wetu. Imeandikwa kwa adabu, bila ya matusi, na imepigwa muhuri wa kupokelewa. Siku 21 hazijatimia bado. Jibu likija tutalisoma darasani. Na mkutano wa makisio ukitangazwa tena, darasa la siku hiyo litafanywa baada ya Isha.