SOMO LA VIKUNDI: MAFUNZO YA PIKIPIKI KABLA YA LESENI

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi na viongozi wa vikundi vya masomo. Wanachama watakapokuwa wamelisoma na kulijadili, yafaa waweze kueleza mambo matatu: kwa nini mtu aliyezoea kuendesha pikipiki bado anahitaji mafunzo; mafunzo hayo yana nini ndani yake; na kwa njia gani chama kinaweza kuyapata bila ya kuwatwisha wanachama gharama isiyo ya lazima. Mfano umechukuliwa Kipili, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, kwa kuwa njia ya kufika huko haimsamehe dereva asiyejua kazi yake.

1. Pikipiki katika kazi za ushirika

Kipili ni bandari katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi mizigo ya mwambao huo ilitegemea mitumbwi na meli, na jina la MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, lilijulikana katika kila bandari ya ziwa hilo. Kutoka Kipili kupanda hadi Namanyere, yaliko makao makuu ya wilaya, ni safari ya takriban kilometa 65 kwa barabara.

Tangu miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea nchini, sehemu kubwa ya usafiri wa vijijini imeangukia magurudumu mawili. Dagaa na migebuka hupanda kutoka ziwani. Mahindi na maharage ya Ufipa huteremka. Katibu wa chama naye hupanda pikipiki kufuata pembejeo, kwenda benki, au kupeleka taarifa kwa afisa ushirika. Kwa hiyo pikipiki si jambo la kijana mmoja na tamaa yake ya mwendo. Ni chombo cha uchumi wa chama, kama ulivyo mzani wa ghalani, nacho chataka mtu aliyefundishwa kukitumia.

2. Njia yenyewe inavyodai ujuzi

Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko karibu na meta 1,800. Maana yake ni kwamba anayetoka Sumbawanga hadi Kipili huteremka kiasi cha kilometa moja nzima kabla ya kuyaona maji, na mzigo wake humsukuma kwa nyuma. Wakati wa masika njia za udongo hulainika na kuteleza. Wakati wa kiangazi vumbi la lori moja laweza kumficha mtembea kwa miguu aliye mbele.

Katika mteremko mrefu kosa la kwanza la asiyefunzwa ni kukanyaga breki ya nyuma bila kuiachia. Breki ikisuguliwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto nguvu yake hupungua, hata dereva akakanyaga na pikipiki isimtii. Kosa la pili, lililo baya zaidi, ni kutoa gia ili kuokoa mafuta. Hapo injini haimzuii tena, na kazi yote huachiwa breki ambazo zimekwisha kuchoka. Mafunzo humwonyesha dereva jambo lililo jepesi: aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, aiache injini izuie mwendo, na breki azitumie kwa vipindi.

3. Mazoea si mafunzo

Watu wengi husema: "Mimi naendesha mwaka wa kumi sasa, mwalimu atanifundisha nini?" Swali hili lastahili jibu, wala si dharau. Mtu aliyeendesha miaka kumi amejifunza mengi, lakini amejifunza yale tu ambayo njia ilimwonyesha naye akasalimika. Kusimama kwa ghafula ni jambo analokutana nalo mara chache, na mara hiyo moja haimpi nafasi ya kurudia zoezi. Uwanja wa mafunzo humpa nafasi ya kulirudia mara ishirini pasipo kuumia.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha jambo hili. Chukuliwe kwamba dereva anahitaji sekunde moja kugutuka na kushika breki, naye yuko katika barabara tambarare ya changarawe. Akiwa katika mwendo wa kilometa 30 kwa saa, atakwenda karibu meta 8 kabla breki hazijaanza kufanya kazi, na karibu meta 12 nyingine hadi kusimama. Jumla ni meta 20. Akiwa katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, atakwenda karibu meta 17 kabla ya breki, na karibu meta 46 baada yake. Jumla ni meta 63. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama umeongezeka zaidi ya mara tatu. Na umbali wa breki peke yake umekuwa karibu mara nne. Katika mteremko, na mzigo ukiwa mgongoni, umbali huo huzidi tena. Mtoto anayevuka njia meta 40 mbele ya dereva huyo wa pili hasaidiwi na miaka kumi ya mazoea.

4. Yanayofundishwa

Mafunzo mazuri huwa na sehemu ya darasani na sehemu ya uwanjani, nayo hayakamiliki kwa kusoma alama za barabarani peke yake. Kikundi kihakikishe kwamba mambo yafuatayo yamo:

(a) Ukaguzi kabla ya safari. Tairi na upepo wake, breki zote mbili, taa, honi, vioo, mnyororo na mafuta. Kazi hii huchukua dakika chache.

(b) Mwendo wa polepole. Kuzunguka vizuizi na kupita njia nyembamba bila kuweka mguu chini. Anayeweza kuimudu pikipiki polepole ndiye anayeimudu kweli; mwendo wa kasi huficha udhaifu wa mikono.

(c) Breki. Wengi huiogopa breki ya mbele kwa kuwa wamesikia kwamba humrusha mtu. Ukweli ni kwamba pikipiki inaposimama uzito huhamia mbele, na kwa hiyo katika barabara kavu na ngumu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi. Hatari hutokana na kuibana kwa ghafula, au kuibana wakati gurudumu limepinda au liko juu ya changarawe na tope. Dereva hufundishwa kutumia zote mbili kwa pamoja, kwa kubana kidogo kidogo. Akivuka kijito, azikaushe kwa kuzibana kidogo akiwa katika mwendo mdogo.

(d) Kona. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia konani, si ndani yake, na macho huelekezwa kule anakokwenda.

(e) Mzigo na abiria. Mzigo ukikaa juu sana au nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi wakati wa kupanda na usukani hupoteza utii. Ufungwe chini, katikati, wala usipite upana unaomwezesha dereva kupishana na wengine. Abiria awe mmoja. Desturi ya kupakia "mshikaki" ni kuwafanya watu watatu wategemee breki zilizotengenezwa kwa ajili ya wawili.

(f) Kofia ngumu. Uchunguzi wa tafiti nyingi, unaotumiwa pia na Shirika la Afya Duniani, umeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia isiyofungwa kidevuni hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe.

(g) Huduma ya kwanza. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa pupa, shingo yake isipindwe, wala kofia yake isivutwe ovyo. Damu inayotoka izuiwe kwa kugandamiza kitambaa safi.

5. Njia halali ya leseni

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, inamtaka kila aendeshaye pikipiki barabarani awe na leseni ya daraja linalohusika. Daraja A ni la pikipiki zenye ujazo wa injini unaozidi sentimeta za ujazo 125. A1 ni la pikipiki ndogo kuliko hizo. Na A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu. Kwa kuwa pikipiki nyingi za vijijini zina ujazo kati ya 100 na 150, katibu aitazame kadi ya usajili kabla ya kumpeleka mtu mafunzoni, ili asirudi na daraja lisilolingana na chombo.

Utaratibu una hatua nne. Kwanza, mwanafunzi hupata leseni ya kujifunzia. Pili, husoma katika chuo kinachotambuliwa na kupewa cheti. Vyuo vya VETA ni miongoni mwa vinavyofundisha udereva. Tatu, hutahiniwa na askari wa usalama barabarani. Nne, hulipa ada na kupata leseni kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania. Anayebeba abiria kwa malipo huhitaji pia leseni ya usafirishaji chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Yako majaribu ya kuruka hatua ya pili na ya tatu kwa kutoa fedha. Wanachama walielewe jambo hili sawasawa: aliyenunua cheti hakumdanganya askari wala chuo, bali amejidanganya mwenyewe. Karatasi haipunguzi mwendo mteremkoni.

6. Leseni ni ya mtu, hasara ni ya chama

Chukuliwe mfano wa chama chenye pikipiki moja. Karani asiye na leseni anatumwa Namanyere. Njiani anamgonga mtu. Sheria ya nchi inalazimisha kila chombo cha moto kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine, na chama hiki kimelipa bima hiyo. Lakini mikataba ya bima kwa kawaida huweka sharti kwamba dereva awe na leseni halali. Kampuni ikimlipa aliyeumia, yaweza kukirudia chama kudai fedha zake. Nayo pikipiki iliyovunjika yaweza isilipiwe. Hapo akiba iliyotokana na ushuru wa mazao ya wanachama wote hutoka kwa ajili ya safari ya siku moja, pasipo mkutano wowote kuiidhinisha.

Jambo la kusikitisha zaidi halimo katika vitabu vya hesabu. Karani ana watu wanaomtegemea, na aliyegongwa pia anao.

7. Chama kifanye nini

Kikwazo kikubwa cha wanachama wa mahali kama Kipili ni umbali. Watu kumi na wawili wakienda mjini kila mmoja kwa wakati wake, zitalipwa nauli kumi na mbili na malazi ya watu kumi na wawili, na kazi za shamba na ziwa zitasimama mara kumi na mbili. Wakijiandikisha pamoja, na chuo kikakubali kumtuma mwalimu, nauli na malazi ni ya mtu mmoja. Huu ndio ushirika katika maana yake ya asili. Tena elimu na mafunzo ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995.

Hatua zinazopendekezwa ni hizi:

Katibu aorodheshe wanachama na watumishi wote wanaoendesha pikipiki, aliye na leseni na asiye nayo.

Bodi iandike kwa chuo kinachotambuliwa kuuliza gharama za kufundisha kikundi kijijini, na ishauriane mapema na polisi wa usalama barabarani wa wilaya juu ya siku ya mtihani.

Makisio yapelekwe katika mkutano mkuu. Mwanachama asiye na fedha taslimu aweza kukopeshwa na SACCOS, au kukatwa katika malipo ya mazao kwa ridhaa yake ya maandishi.

Kifunguliwe kitabu cha madereva chenye daraja la leseni ya kila mmoja na tarehe ya mwisho wake. Funguo za pikipiki ya chama zisitolewe kwa mtu asiyeandikwa humo, awe mwenyekiti au mlinzi.

Maswali ya kujadili

1. Ni wangapi katika chama chenu waendeshao pikipiki bila ya leseni, na ni kipi kilichowazuia: fedha, umbali, au kutoona haja?

2. Taja sehemu tatu za hatari katika njia ya kwenda mnadani au ghalani. Dereva apunguze mwendo akiwa wapi, na kwa njia gani?

3. Pimeni kwa hatua meta 20 na meta 63 katika uwanja wa chama. Je, wanachama walidhani umbali huo ni mkubwa kiasi hicho?

4. Mwenyekiti ambaye hana leseni anaomba funguo kwa safari ya haraka ya chama. Katibu amjibu nini, na mkutano mkuu umpe katibu ulinzi gani?

Majibu ya swali la nne yaandikwe katika kumbukumbu za kikundi na kusomwa katika mkutano mkuu ujao, kwani huko ndiko yatakakopata nguvu. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Na mwenda pole katika mteremko wa Ufipa ni yule aliyefundishwa namna ya kwenda pole.