Hukumu ya Mwenye Kupokea Mali Iliyosafirishwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu, biashara baina ya Ukambani na Pwani ni jambo la kale. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu, na khabari za Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851, zinajulikana. Kisha ikaja reli, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, nayo ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Leo malori ndiyo yachukuayo maembe na machungwa ya Makueni, na ndengu na mbaazi za Kitui. Mali imebadilika na chombo kimebadilika, lakini swali ni lile lile: mali ikiharibika njiani, ni nani wa kubeba hasara?

Tuchukue mfano. Mkulima wa Wote hupakia kreti mia moja za maembe akampelekea mtu wa Mombasa. Baada ya siku tatu hupigiwa simu kwamba thuluthi imeoza, na fedha zinazokuja kwa M-Pesa ni pungufu. Mkulima hana la kusema, kwani tangu mwanzo haikubainishwa yule mpokeaji ni nani: je, ni mnunuzi, au ni wakili wa kuuza? Jina "mpokeaji" peke yake halitoi hukumu. Hukumu hutokana na mapatano.

Kwanza: mpokeaji akiwa mnunuzi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mali iliyouzwa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi aikabidhiwe. Ikiangamia kabla ya hapo kwa jambo lisilotokana na mnunuzi, kama vile lori kuungua, bei hiyo huvunjika na thamani haidaiwi. Lakini ikiwa mnunuzi ndiye aliyemwakilisha mchukuzi ampokelee mali kule shambani, basi mkono wa mchukuzi ni mkono wake, na hasara ya njiani ni juu yake. Na kwa sababu hiyo hiyo Mtume (S.A.W.) alimkataza mwenye kununua chakula asikiuze kabla ya kukipokea. Basi wale wanaouza ndengu zingali njiani, hawajaziona wala hawajazikabidhiwa, na wajitazame.

Mnunuzi akiona kasoro iliyokuwako kabla ya kukabidhiwa, anayo hiari ya kurudisha. Lakini hiari hiyo ni ya papo hapo. Akishaijua kasoro, kisha akaendelea kuuza rejareja siku mbili tatu, ndipo akaleta malalamiko, haki yake imekwisha anguka. Wala si halali kwake kujikatia thamani apendavyo bila ya ridhaa ya mwenziwe.

Pili: mpokeaji akiwa wakili. Huyu mali si yake. Yeye ni mwaminifu, na mkono wake ni mkono wa amana. Maembe yakioza naye hakufanya uzembe, halipi, na hasara ni ya mkulima. Akiyaacha juani, au akiyafungia akingoja bei ipande hali ameambiwa ayauze upesi, atalipa. Tena wakili hajiuzii mwenyewe, wala hauzi kwa deni pasina idhini, wala hauzi chini ya bei ya soko. Akidai mali imepotea kwa sababu iliyofichika, kama wizi, husadikiwa kwa kiapo. Akidai sababu ya dhahiri isiyojulikana na watu, kama moto, hutakiwa ushahidi.

Ubaya ulioenea ni huu: mtu hujifanya mnunuzi bei inapopanda, ili faida iwe yake, na hujifanya wakili mali inapooza, ili hasara iwe ya mkulima. Huku ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama mlaji huyo husimama safu ya mbele msikitini.

Tatu: sheria ya nchi. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, asili yake ni kwamba hasara hufuata umiliki, na kwamba kumkabidhi mali mchukuzi aliyeruhusiwa na mnunuzi huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Lakini sheria hiyo imewaachia watu nafasi ya kupatana vingine. Basi Muislamu hana udhuru: anaweza kuandika katika mapatano yake kwamba hasara ni ya muuzaji mpaka mali ipokewe, na mahkama itayatazama maandiko hayo. Tena sheria hiyo humpa muuzaji asiyelipwa haki ya kuizuia mali njiani ikiwa mnunuzi amefilisika, na hili liko karibu na hadithi ya Mtume juu ya mwenye kuikuta mali yake kwa aliyefilisika.

Ama mali ya baharini, jina la mpokeaji huandikwa katika hati ya shehena. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1855, iliyobadilishwa mwaka 1992, ilimpa mpokeaji aliyemiliki mali kwa hati hiyo haki ya kuidai meli, na pamoja na haki hiyo ikamtwika madeni ya mapatano, kama nauli. Hata wao walijua kwamba mpokeaji hanyoshi mkono tu. Akipokea haki hupokea na wajibu.

Basi tufanye nini? Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha tunapouziana. Karatasi moja yatosha: mpokeaji ni mnunuzi au ni wakili, lori limekodiwa na nani, idadi na uzito bila ya lumbesa, na mali ikaguliwe lini na mbele ya nani. Iandikwe kabla ya lori kuondoka, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Tukumbuke pia kwamba wengi wa wakulima hao si Waislamu. Hawatasoma vitabu vyetu, bali watausoma Uislamu katika hesabu tutakazowapelekea. Wabillahi tawfiq.