Mtoto Anyamazaye Wakati wa Njaa

Mvua ikikosa na mashamba yakikauka, kilio huwa katika kila nyumba. Lakini mtoto aliaye akitaka chakula bado anayo nguvu ya kulia. Aliye katika hatari kubwa ni yule aliyenyamaza, asiyecheza, asiyefukuza hata inzi usoni pake. Basi somo letu ni hili: tumtafute mtoto anyamazaye, wala tusingoje aletwe.

Hasara ya kungoja twajifunza katika Somalia. Huko mvua za mwisho wa mwaka 2010 zilikosa, na zile za masika ya 2011 zikawa haba. Njaa kuu ilitangazwa Julai 2011. Waliofanya hesabu baadaye walikadiria ya kuwa watu kama 260,000 walikufa, na nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Tena wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla ya tangazo lile. Yatupasa nini basi?

Kwanza, tupime. Mtoto wa miezi 6 hata miaka 5 hupimwa mkono wa kushoto kwa utepe, katikati ya bega na kiwiko. Mzingo ukiwa chini ya sentimeta 11 na nusu, apelekwe kwa waganga siku ile ile. Ukipita hapo lakini usifike 12 na nusu, amekwisha kuingia hatarini. Aandikishwe apate msaada, apimwe tena. Uko na unono wa uongo: miguu yote miwili ikivimba, na kidole gumba kikibonyeza kikaacha shimo, hiyo si afya bali ni unyafuzi. Naye apelekwe upesi, hata kama mkono wake ni mnene.

Pili, tulishe kwa kiasi. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi umedhoofika moyo na matumbo, na shibe ya ghafula yaweza kuua. Hospitalini huanza na maziwa mepesi, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Hata Eliya alipochoka jangwani alipewa mkate na maji, akalala, kisha akapewa tena (1 Wafalme 19). Mtoto akiwa njiani afunikwe apate joto, na kama aweza kumeza, anyweshwe maji ya sukari kidogo kidogo. Anyonyaye asiachishwe.

Tatu, tuitazame nyumba nzima. Mgonjwa mwenye hamu ya kula, asiye na ugonjwa mwingine, hupewa chakula cha dawa cha karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, akakilie nyumbani. Lakini mama mwenye watoto wanne awezaje kumlisha mmoja huku watatu wakitazama? Atagawanya, wala hatuwezi kumlaumu. Ila mgonjwa hatapona. Kwa hiyo wazee wa usharika wapeleke unga na maharage kwa ajili ya wale wengine, na kwa mama mwenyewe. Wapeleke kwa siri, maana wengi huona haya kuomba.

Maswali ya kujiuliza:
1. Katika mtaa wetu, ni nyumba ipi ambayo watoto wake hatujawaona mwezi huu?
2. Ni nani kati yetu ajuaye kupima mkono, na utepe uko wapi?
3. Ghala ya usharika ina nini leo, kabla njaa haijatangazwa?